Kitufe Kilichokata Maneno ya Baba

Wenye watoto wanaorekodi sauti nyumbani, viangalieni vifaa vyao kabla ya kumkalisha mzee mbele ya maiki. Nasema kwa yaliyompata baba yangu.

Alikuwa anakwenda kupasuliwa koo, na daktari alishasema sauti huenda isirudi. Mama macho yake hayaoni, barua haimfai. Baba akataka kumwachia maneno yake. Binti yangu, ambaye kazi yake ni kurekodi, akamwambia, "Njoo kwangu babu, ila usikohoe ovyo."

"Kikohozi ndicho mali niliyobaki nayo, mjukuu wangu. Rekodi na chenyewe."

Kompyuta yake ni ya mfumo wa Linux na feni yake inavuma kama nyuki, kwa hiyo huiweka jikoni. Chumbani hubaki maiki na kitufe kikubwa cha chuma, cha kuzungusha kama cha redio, chenye waya mrefu. Alikipanga mwenyewe: ukikizungusha, sauti inapanda au kushuka, ukikibonyeza, programu inaanza kurekodi, ukikibonyeza tena, inaacha.

Akabonyeza. Baba akaanza. Sisi tulimtazama usoni. Kioo cha kompyuta kiko jikoni, nani akitazame? Baba akizungumza hushika kichwa cha bakora, na bakora aliiacha mlangoni. Mkono ukapapasa mezani, ukakuta kitufe. Kila alipofikia neno zito, alikiegemea.

Kesho yake, baba akiwa chumba cha upasuaji, tulimwekea mama sauti ile.

Kikohozi. "Mke wangu, nataka ujue kwamba..." Ikakatika. Kisha, "...basi ndiyo hivyo." Kicheko. "Na lile la siku ile, mimi..." Ikakatika.

"Nijue nini?" mama akauliza.

Binti yangu akaeleza kwamba kila babu alipokiegemea kitufe, rekodi iliacha au ilianza upya.

Nawaambieni, kitufe kikae mbali na mkono wa msemaji, na mtu mmoja asimame penye kioo.

Baba alitoka salama, bila sauti. Sasa husema kwa midomo tu, nami ndiye ninayemsomea mama. Jana alikaa kitandani kwa mama, akamshika mkono, akaanza upya yale yaliyopotea. Nikasoma kidogo, nikakwama.

"Mbona umenyamaza?" mama akauliza.

"Mama, haya si ya mtoto kumwambia mzazi wake."

"Hukuulizwa maoni. Sema."

Baba akanigonga bega. Nikatazama ukutani, nikayasema yote.