Tungoje Modeli Mpya

Tuelewane kwanza: Annette Mbambu hakuwa na wazimu. Watu wa Kisangani wakimwona mwanamke amepita miaka hamsini na bado anataka vitu, husema kichwa kimemruka. Waongo wakubwa. Mbambu alikuwa na miaka hamsini na minne, duka lake la jumla la vitenge, akili zake zote, na tamaa moja tu, nayo ilikuwa imelala chini ya turubai katika ua wa Papa Daudi, kule Kabondo.

Lilikuwa gari la spoti la Kijapani, viti viwili, milango miwili, rangi ya chungwa, tumbo karibu liguse mchanga. Lilipanda mto kutoka Kinshasa juu ya boti la mizigo, wiki tano nzima. Papa Daudi, fundi makanika ambaye ukoo wake wa Kiislamu uko mjini tangu enzi za misafara ya biashara, alilinunua kwa mtu aliyehama nchi kwa haraka. Tangu hapo kila kijana mwenye pikipiki alikuwa amepita kuliangalia, na hakuna aliyekuwa na uwezo wa kulinunua.

Jumamosi hiyo Mbambu aliingia ndani yake kwa mara ya nne. Kuingia si kazi, unajiachilia tu unatua. Kutoka ndiyo mambo. Goti la kulia lilimgomea, na Papa Daudi akageuka kwa adabu, akajifanya anatafuta spana, mpaka mama aliposimama wima na kujipangusa.

"Mama Mbambu, miye sikukimbizi," akasema Daudi. "Lakini kuna mutu wa Buta, jina lake Franck, ametuma neno. Siku ya Kwanza, saa sita ya muchana, anakuya na makuta yote, feza kamili mukononi. Kama uko unaitaka, kuya mbele ya ile saa."

"Nitakuya," akasema Mbambu. Lakini kati ya Jumamosi na hiyo siku ya kwanza ya kazi, yaani Jumatatu, kuna Jumapili.

Nikuambie kwa nini alilitaka, usije ukadhani ni maringo. Ujanani, kabla ya vita, Mbambu aliendesha lori la baba yao kati ya Beni na Kisangani. Ndiyo, yeye, kwa mikono yake. Siku kumi na mbili kwenye tope, gia ya kwanza, gia ya pili, gia ya kwanza tena, pua ya lori lake ikinusa mkia wa lori la mbele. Katika miaka yote ile hakuwahi kufika gia ya tano. Lori lilikuwa nayo, namba yake ilichorwa pale juu ya mkono wa gia, ila njia haikumruhusu kuigusa. Sasa barabara ya kwenda uwanja wa ndege wa Bangboka ilikuwa na lami safi mwaka huu, na hakuna aliyejua mvua za mwaka kesho zingeiachaje. Mbambu alitaka kutia gia ya tano mahali pale akiwa bado na macho ya kuona na mguu wa kukanyaga. Kama wewe unaona ni jambo dogo, ni dogo kwako.

Basi, Jumapili. Katika ukoo wao kitu kikubwa hakinunuliwi kabla hakijasemwa Jumapili. Baada ya misa ya pili ndugu wote hukutana kwa mkubwa wao, Paluku, na hata kama fedha ni zako mwenyewe, za jasho lako, unakuja, unasema, unasikiliza. Na mezani pale wana sheria yao: hakuna anayemkatalia mwenzake. Zamani babu yao alimkatalia mdogo wake shehena ya chumvi. Mdogo akatoka kwa hasira, akashika njia ya msituni, na mpaka leo hakuna aliyesikia habari zake. Babu akawaapisha watoto kwamba neno "hapana" lisisemwe tena kati ya damu na damu, na watoto wakawaapisha watoto wao. Wakikubali, wanasema ndiyo. Wasipokuwa tayari, wanasema tungoje kwanza.

Kwa kungoja, Mbambu hakuwa na mpinzani. Alingoja kwenda kusomea uuguzi mpaka kaka zake wamalize shule, na walipomaliza alikuwa ameshazoea duka la familia, lile ambalo baadaye likawa lake. Alingoja kuolewa pia. Fiston, kijana wa Bunia aliyekuwa akinunua vitenge kwao, alileta wazee wake mara mbili. Mara ya kwanza waliambiwa, tungoje vita iishe. Vita ikaisha, wakarudi, wakaambiwa, tungoje barabara ifunguke. Barabara ilipofunguka Fiston alikuwa amechoka, ameoa kwao, na hakuna mtu aliyeweza kusema fulani ndiye mwenye kosa.

Jumapili hiyo Josée, mke wa Paluku, aliweka mezani wali, pondu ya majani ya muhogo na samaki, na Mbambu akasema neno lake hata kabla ya kunawa. Alieleza gari, akaeleza saa sita ya kesho, ndipo akanawa. Jephté, mtoto mkubwa wa Paluku, mtu mzima anayefanya kazi ya kompyuta, akatoa simu yake mfukoni.

"Bon, tantine, gari iko muzuri, sibishi," akamwambia shangazi yake. "Lakini angalia. Mwaka kesho wanatoa modeli mupya. Taa ingine, ekra kubwa kama televizyo, moteri ya nguvu zaidi. Donc ukinunua hii leo, kisha miezi kidogo iko ya zamani, na bei yake inaanguka."

Simu ikazunguka mezani, ikamfikia Mbambu. Na tuseme ukweli, lile jipya lilikuwa zuri. Taa zake zilikuwa nyembamba, mgongo wake umeshuka vizuri zaidi, hata rangi ilikuwa na kitu ambacho lile la Daudi halina. Moyo uliyumba. Yeye ni mfanyabiashara, anajua hasara ya kitu kilichopitwa. Mwaka mmoja alijaza duka vitenge vya mchoro fulani, wiki iliyofuata mchoro mpya ukaingia mjini, akauza vile vya kwanza kwa bei ya kuvitupa. Lakini mwaka mwingine alingoja mchoro mpya kwa ajili ya sikukuu ya wanawake, akaacha rafu tupu, mzigo ukakwama njiani, na wanawake wa mji mzima wakaandamana na vitenge vya duka la jirani. Alikuwa ameumia pande zote mbili, basi aliuliza kama anavyowauliza wanaomletea mzigo.

"Itatoka siku gani, Jephté?"

"Mwaka kesho, kule kwao."

"Sikuulizi kule kwao. Kinshasa?"

"Labda mwaka ule mwingine."

"Na kupanda mto mpaka hapa?"

"Wiki ingine tano, ao zaidi," akakiri Jephté. Ni kijana mkweli, hawezi kudanganya hata akitaka.

"Na ikisha kufika hapa," Mbambu akaendelea, "kule kwao watakuwa wanatengeneza ingine?"

"Njo vile, tantine. Kila kisha miaka tatu ao ine, wanaibadilisha."

"Basi ile siku tutaketi hapa tena, na weye utatoa simu."

Jephté akacheka kidogo, akaona baba yake hacheki, akaacha. Paluku alipangusa mdomo kwa kitambaa, akakikunja mara mbili, akasema polepole, "Dada, hapa hakuna mutu anakukatalia. Tungoje kwanza ile modeli mupya."

Mbambu aliijua sauti ile. Ndiyo ileile ya vita iishe, ileile ya barabara ifunguke, na kitambaa kilikunjwa vilevile. Akamtazama kaka yake vizuri. Huyu Paluku anaendesha pikapu moja kwa mwaka wa kumi na tisa sasa, na tangu azaliwe hajawahi kuuliza modeli ya kitu chochote, iwe redio, iwe jenereta. Leo amepata wapi hamu ya modeli mpya?

"Yaya, nikuulize," akamwambia huyo kaka yake mkubwa. "Kama ile mupya inafika leo hii, inashuka kwenye bandari saa hii, utakubali niinunue?"

"Tutaona."

"Sikuulizi kama tutaona. Utakubali?"

Paluku akavuta sahani yake, akajiongezea wali.

"Basi sema hapana," akasema Mbambu.

Josée akaweka kijiko chini. "Mbambu, ile neno hatusemaki hapa."

"Njo maana nimezeekea kwenye hii meza. Mutu akinikatalia, najua namna ya kufanya. Nalia, nagombana, ao naenda zangu. Mutu akiniambia tungoje, nafanya nini? Nangoja, juu niko na adabu. Leo sina. Yaya, kama iko ndiyo, sema ndiyo. Kama iko hapana, itoe inje niione."

Paluku alikuwa na miaka sitini na miwili, mwenye maghala mawili na sauti kubwa parokiani. Sasa alikishika kile kitambaa kwa mikono miwili. "Nikisema, utaondoka," akasema. "Kama mudogo wa babu. Sitakuona tena."

Hakuwa anaigiza, aliogopa kweli, na Mbambu akamwonea huruma. Lakini huruma hiyohiyo ndiyo iliyomkalisha kitini miaka yote, basi safari hii aliiweka kando.

"Nitaenda Bangboka, kisha nitarudi kula," akasema. "Sema."

"Hapana," akasema Paluku.

Lilitoka dogo, karibu lisisikike. Hakuna kilichoanguka. Akalisema tena, kwa nguvu, na baada ya hapo hakuweza kujizuia.

"Hapana. Sitaki. Dada yangu ndani ya gari ya vijana, watu wote wa soko watanicheka. Sitaki hii, na ile mupya pia sitaki. Na ile masomo yako ya uuguzi sikutaka, nani angeshika duka? Na Fiston..."

Akajaribu kulimeza. Amechelewa, neno limeshatoka.

"Na Fiston nini?" akauliza Mbambu.

"Fiston pia sikumutaka. Angekupeleka Bunia. Duka ilikuwa juu ya mikono yako, Mbambu. Ungeondoka, sisi wote tungefunga."

Iliuma. Usiniambie ni mambo ya zamani, iliuma kama ya jana. Mwanamke huyu aliamini vita. Aliamini barabara. Kwa miaka minne kila lori lililoingia mjini alilikimbilia kumuuliza dereva, njia imefunguka, daraja limetengenezwa, umepita wapi? Madereva walimzoea, wengine walimtania. Na wakati wote ule, ndani ya nyumba hii, jibu lilikuwa tayari na halikuhusu daraja lolote. Hasira ilimpanda mpaka akaona meza inasogea.

"Ungeniambia hapana ile siku," akasema, "ningepanda lori nikamufuata. Barabara ao hakuna barabara. Matope nilikuwa najua kuipita."

Paluku alifunika uso kwa kiganja. "Najua," akasema. "Njo maana sikusema."

Hakuna aliyegusa chakula. Jephté alikuwa amerudisha simu mfukoni, anamtazama baba yake kama mtu asiyemjua. Mbambu alisimama, akanywa maji yake yote, akaweka glasi mezani bila kuigonga. Alitaka kumtukana kaka yake, alikuwa na matusi ya kutosha ya madereva wa lori, na akaona kwamba yule mzee mbele yake ameshapigwa na neno lake mwenyewe.

"Aksanti kwa kusema, yaya," akamwambia. "Sitakusamehe leo. Nitakuya Jumapili, tutaona kama nimeanza."

Josée alimfuata mpaka mlangoni akimsihi arudi ale, mtu haachi meza hivi, watoto wanaangalia. Mbambu alimshika mkono, akamwambia pondu ilikuwa nzuri, akaondoka kwa miguu. Nyumbani alilala kitandani na viatu vyake, akalia mchana kutwa, na alipomaliza kulia alitafuta leseni yake ya zamani ya kuendesha, akaipata ndani ya sanduku la vitambaa.

Kesho yake, saa tatu asubuhi, alikuwa ndani ya ua wa Papa Daudi. Macho yalikuwa yamevimba, kitenge ni kipya, kichwa kimefungwa juu. Turubai lilikuwa limeshatolewa. Daudi alimwangalia usoni, akaona kuna jambo. Akaleta kiti, akaleta karatasi za gari ndani ya bahasha, halafu akasimama pale bila kuziachia. Watu wa koo hizi mbili wamefanya biashara pamoja tangu mababu, wanajuana taratibu. Hakutaka kesho Paluku aje kumwambia alimuuzia dada yake gari kwa kumvizia.

"Mama Mbambu, unisamehe, lazima niulize," akasema. "Jana mulikutana?"

"Tulikutana."

"Na wandugu, wanasema nini juu ya hii gari? Musinigombanishe na Papa Paluku."

"Wamekataa," akasema Mbambu, na Daudi, ambaye alimfahamu tangu utoto, hakuwahi kumwona amekaa wima namna ile. "Wamekataa kabisa, Papa Daudi. Kaka yangu amesema hapana kwa mudomo wake, mbele ya watu. Sasa hakuna kitu ya kungoja."

Akavuta karatasi kutoka mikononi mwake, akazilaza juu ya goti, akaomba kalamu.