Mkate Uliokataa Kusomeka

Mjukuu wangu alipata kazi yake ya kwanza ya kudarizi: aproni za mwoka mikate wa mtaani kwetu, anayefungua duka jipya. Mashine ya kudarizi alikuwa nayo. Kilichomtoa jasho ni kompyuta ya kuchorea nakshi. Mfumo wake endeshi ulikuwa umezeeka, na programu ya kudarizi haikufunguka. Mwoka mikate alisema kwa upole kwamba asipoona sampuli kufikia jioni, kazi atampa fundi mwingine.

Mjomba wake, mwanangu wa mwisho, tunamwita Profesa, ingawa hajawahi kufundisha hata kuku. Yeye alitaka tuweke mfumo mpya kabisa. Mjukuu akamwonyesha masharti yake: unadai kumbukumbu ya gigabaiti nane, na kompyuta yetu ina nne. Akasema afadhali Linux, mfumo mwepesi, wa bure, na programu ya kudarizi inayofanya kazi ndani yake ipo.

"Huo wa bure ukikwama utamlilia nani?" Profesa akauliza.

"Nitakulilia wewe, Mjomba. Nani mwingine ana bega pana hivyo?"

Nilikuwa napinda aproni. Nikacheka mpaka uzi ukanitoka kwenye sindano.

Wakakubaliana waujaribu kwanza kutoka kwenye flashi, bila kufuta chochote. Kompyuta iliwaka chapuchapu, kama iliyopumzishwa mwezi mzima. Mjukuu akachora mkate unaofuka mvuke, akauhifadhi kwenye flashi nyingine, akaichomeka kwenye mashine ya kudarizi. Kioo cha mashine kikabaki kitupu. Akajaribu tena. Kitupu. Machozi yakaanza kumlengalenga.

Hapo Profesa angeweza kujigamba, nami nilikuwa namsubiri. Badala yake alivuta stuli akakaa karibu na mpwa wake, akaomba flashi iliyokuja na mashine, akaichomeka. Michoro ya humo ilionekana yote, na yote ilikuwa na majina mafupi. Ndipo akaangalia jina la mchoro wetu. Mjukuu, kwa furaha ya kumpata mteja, alikuwa ameuita "mkate wa moto wa mama mwoka mikate mteja wangu wa kwanza Mungu ambariki".

"Mpwa wangu," Profesa akamwambia taratibu, "hili ni jina au hotuba ya harusi?"

Akalifupisha likawa "mkate" tu. Mchoro ukatokea kwenye kioo. Mjukuu akabonyeza, sindano ikaanza kupanda na kushuka, na mkate ukaumuka juu ya kitambaa mbele ya macho yetu.

Mwoka mikate alikuja na unga bado mikononi. Akajifuta vizuri kwanza ndipo akaigusa aproni, akapitisha kidole juu ya mvuke, akauliza zilizobaki zitakuwa tayari lini.

Mjukuu alibaki anacheka tu. Profesa naye alikuwa ameshashika kipanya, anamuuliza mpwa wake picha zake za zamani azihifadhi wapi, ili afute mfumo wa zamani na kuiweka Linux moja kwa moja.