Mama wa Ubatizo wa Vukan

Septemba ikifika hapa mjini kwetu Leskovac, mtaa mzima unanukia hoho za kuchoma, na uani kwangu ndiko kunakojaa watu, maana jiko langu ni kubwa na kahawa haikauki. Siku hiyo tulikuwa tunamenya hoho za ajvari, ile rojo ya hoho tunayoweka akiba ya majira ya baridi, mikono myekundu hadi viwikoni, Nevena alipoingia na mtoto wake kifuani. Hakutusalimia. Alimwendea moja kwa moja Violeta, jirani yangu wa ukuta mmoja.

"Shoga, ahadi ni deni. Unambatiza lini mwanangu?"

Visu vyote vikasimama. Hata Suzana msusi, ambaye hanyamazi hata kwa daktari wa meno, aliacha hadithi yake katikati.

Hawa wawili walikutana kwenye benchi la kliniki ya uzazi kule mjini Niš, kila mmoja amekuja kutafutiwa mtoto. Tangu hapo wakawa chanda na pete. Wanapanda basi pamoja alfajiri, wanachomana sindano za tumbo kwenye choo cha stendi, wanacheka: "Leo tumbo lako limekuwa ramani, shoga." Wakaapa kwamba atakayetangulia kuzaa, mwenzie ndiye atakuwa mama wa ubatizo.

Akatangulia Nevena. Akamzaa Vukan, ana mashavu kama mandazi. Violeta alikwenda kumpongeza na kuku wa kuokwa na soksi alizofuma mwenyewe, akatabasamu hadi taya zikamuuma. Aliporudi, nilimsikia kupitia ukutani akimwambia mumewe, Novica: "Kwani sindano zangu mimi zilikuwa za maji?"

Tangu siku ile kila neno la Nevena lilikuwa mwiba. Nevena akisema, "Jamani sijalala wiki nzima," Violeta ananong'ona, "Nipe mimi nisilale." Nevena akilalamika kwamba nguo hazimwenei, Violeta anaangalia pembeni. Gari la mtoto likipita dirishani, anashusha pazia. Halafu jioni anakwenda palepale kwa Nevena kunywa kahawa, maana wivu una miguu yake.

Sasa, kwetu ukiombwa kuwa mama wa ubatizo, hukatai. Kukataa ni kama kutemea mkate mate. Udhuru ni mmoja tu, nao ni mimba. Mwenye mimba hashiki mtoto wa mwenzie kwenye birika la ubatizo; wanasema mmoja wa watoto hao, wa mikononi au wa tumboni, atapungukiwa na bahati. Mapadri wanatukemea kila mwaka kwamba huo ni ushirikina. Tunawaitikia, tunawabusu mikono, na tunaendelea.

Na juma lilelile Violeta alikuwa ametoka Niš kupandikizwa mimba. Kipimo cha damu, cha kujua kama imeshika, bado. Tuliojua ni yeye, Novica na mimi.

Angeweza kusema, "Nipe siku chache nikujibu." Nevena akamwinulia mtoto: "Hebu mwone anavyokuchekea!" Vukan hakumchekea mtu. Aligeuka, akashika mkufu wa mama yake, akaficha uso shingoni mwake na kutulia, kama mtu aliyefika kwake. Nilimwona Violeta akiutazama ule mkono mdogo kwenye mkufu. Akaweka kisu chini.

"Siwezi, Nevena. Sitakiwi kushika mtoto wa mtu mwaka huu."

Suzana alipiga yowe hadi mbwa wa jirani akabweka. "Mama yangu! Mwenye sufuria aiangalie, mwenye chupa ya rakia alete tunywe!" Tulimkumbatia Violeta kwa mikono yetu michafu, tukampaka wekundu mgongo mzima. Nevena naye alimkumbatia, akambusu mara tatu, lakini midomo yake ilikuwa myeupe.

"Hata mimi hukuniambia," alisema.

"Ni mapema mno."

"Mapema. Sawa." Nevena akageuka, akimpigapiga mtoto mgongoni. "Basi Suzana, utanibatizia wewe."

Suzana akatazama kushoto na kulia, akajifuta mikono kwenye aproni. Angesema nini? Hukatai. "Heshima hiyo naipokea kwa mikono miwili, mwenzangu."

Violeta alirudi kumenya. Ile hoho aliyokuwa nayo aliimenya ngozi, akaimenya na nyama, hadi ikabaki kikonyo.

Siku chache baadaye kipimo kikatoka. Novica alikaa garini mbele ya nyumba, redio inaimba, hashuki. Violeta akaingia jikoni kwangu, akaketi bila kuvua koti.

"Suzana keshanunua kitambaa cheupe cha ubatizo?" akauliza.

"We, kipimo kinasemaje?"

"Hakuna kitu. Keshanunua?"

"Keshanunua. Na msalaba wa dhahabu. Anauonyesha kila kichwa anachokiosha."

Akafumba macho. Nilidhani atalia. Akasema, "Twende kwa Nevena. Nikienda peke yangu nitageukia njiani."

Nevena alikuwa anakunja nepi. Violeta hakukaa.

"Sina mimba. Na siku ile sikuwa najua kama ninayo. Nilisema tu nisikie ladha yake mdomoni. Nilitaka siku moja uniangalie kama nilivyokuwa nakuangalia mimi."

"Nilikuangalia," alisema Nevena. "Ulifikiri nilifurahi? Nilirudi nyumbani nikalia, na mtoto mkononi! Nilisema, huyu atapata, tena atapata mapacha, na mimi sitapata wa pili. Unadhani nilimwomba Suzana kwa mapenzi gani? Suzana hata jina hajalijua, anamwita mwanangu Vukašin!"

Mimi nilitaka kucheka, nikajing'ata.

"Basi mwambie Suzana aache," alisema Violeta kwa sauti ndogo. "Nimshike mimi."

Nevena akaweka nepi chini taratibu. "Mama wa ubatizo haondolewi, Violeta. Unalijua hilo kuliko mimi. Ulipojiondoa, ulijiondoa."

"Kwa hiyo mimi ataniitaje?"

"Mama mdogo. Kama atakavyowaita wanawake wote wa mtaa."

Violeta akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyetajiwa bei akaikubali. Nevena akamsogezea kiti, na kahawa. Alikunywa, wakakaa bega kwa bega wakikunja nepi, na hakuna aliyeomba msamaha.

Jumapili ya ubatizo kanisa lilijaa. Watu walikuwa bado hawajajua kwamba mimba haipo, wakampisha Violeta kwenye viti: "Kaa mama, kaa, usisimame." Akasema wazi mbele yao, "Sina mimba. Nasimama." Minong'ono ikapita kama upepo kwenye mahindi, halafu ikaisha, maana padri ameanza.

Suzana alikuwa amejipamba, nywele juu kama mnara, kitambaa cheupe mikononi. Padri akampa mtoto. Vukan akamwangalia usoni, akavuta pumzi, akapasua kanisa kwa kilio. Suzana akambembeleza, akampuliza, akamrusharusha, wapi! Jasho likamtiririka, mnara ukainama.

Nilimgeukia Violeta. Macho yalikuwa makavu, na amejiuma mdomo kuzuia tabasamu.

"We mwanamke," nikamnong'oneza, "unafurahi mtoto wa watu akilia?"

"Nafurahi," akasema. "Mwache alie. Nitaona haya kesho."