Marehemu Amekuja Kuchukua Vyake

Kila asubuhi Sindano ndiye aliyefungua karakana. Alianza kwa kufagia nyuzi, kwa sababu uzi ulioachwa sakafuni hujisokota kwenye magurudumu ya viti. Kisha alitia mafuta cherehani zote, tone moja moja, akizijaribu kwenye kitambaa kibovu mpaka mafuta yaliyozidi yakaisha. Mwisho aliipangusa ile tuzo ya kioo iliyosimama juu ya meza ya Madam, mwenye karakana, akaenda kukaa kwenye cherehani yake ya pembeni. Sindano halikuwa jina lake. Alikuwa mwembamba na hakuwa na maneno mengi, na mpiga pasi alipomwita hivyo siku yake ya kwanza kazini, alikosa ujasiri wa kumkatalia.

Asubuhi hiyo alikuwa bado ameshika chupa ya mafuta mama yake alipoingia. Mama yake alikuwa amekufa miaka mitatu iliyopita, kwa ugonjwa wa kifua. Alipangusa viatu mlangoni, maana nje kulikuwa na matope, akaweka mkoba wake wa kahawia juu ya meza ya kukatia.

"Shikamoo, mama," alisema mpiga pasi bila kusimamisha pasi.

"Marahaba, baba. Bado unaunguza nguo za watu?"

"Siku hizi kidogo kidogo tu, mama. Nimekua."

Sindano naye aliamkia, akamvutia kiti. Mama yake alisema hakuja kukaa. Kuna kitu alikuwa amekifuata, na akauliza kama bibi harusi ameshafika.

Bibi harusi alikuwa ndiye Madam. Zamani, Sindano akiwa bado anatambaa, Madam aliolewa nyumba ya jirani akiwa hajui hata kutunga uzi, na mama yake Sindano akamfundisha kushona katika chumba cha nyuma, kwa cherehani ya miguu. Mama huyo hakufundisha kwa mdomo. Alisimama nyuma ya mwanafunzi, akaweka viganja vyake juu ya mikono ya mwanafunzi, wakashona hivyo, mikono minne kitambaa kimoja, mpaka mwanafunzi asijue tena ni mikono ya nani inayoongoza. Kwa namna hiyo Madam alijifunza pindo, zipu, matundu ya vifungo, na mwisho kabisa ile kola inayosimama shingoni yenyewe bila kitambaa kigumu ndani. Kola hiyo mama yake Sindano aliibuni mwenyewe, na mbali na Madam hakumwonyesha mtu mwingine ila Sindano, binti yake. Sasa iliitwa Kola ya Madam, na ndiyo iliyoleta tuzo ya kioo.

Siku ya kuipokea, Madam alisimama jukwaani akawashukuru waliomtia moyo maishani na kazini. Alimshukuru Mungu, mume wake na wakwe zake. Alimshukuru mwenye duka la vitambaa, shangazi aliyemnunulia mkasi wa kwanza, na daktari wake wa macho. Alimshukuru hata fundi wa umeme. Sindano alikuwa nyuma ya ukumbi, amebeba nguo za akiba, na kila Madam aliponyamaza kuvuta pumzi, yeye aliacha kupumua, akidhani sasa imefika zamu ya mama yake. Haikufika. Tangu siku hiyo alikuwa na kinyongo, na ile tuzo aliipangusa kila asubuhi kwa nguvu kuliko ilivyohitaji.

Madam alipoingia na kumkuta marehemu, aliweka pochi chini, akaamkia kwa adabu.

"Marahaba, bibi harusi. Nimekuja kuchukua matundu ya vifungo."

"Chukua tu, mama," alisema Madam, ambaye mteja wake wa kwanza alikuwa tayari anavua koti.

Marehemu alisimama nyuma yake, akaweka viganja vyake juu ya mikono ya Madam kama zamani. Walikaa hivyo kidogo. Mteja akaona heri asubiri kwenye benchi. Kisha mama akafungua mkoba, akaufunga, akaaga wote. Sindano alimsindikiza mpaka kona akiwa amembebea mkoba, na akaona umeongezeka uzito.

Alasiri hiyo Madam alichukua koti la yule mteja, akaliangalia pale vifungo vinapopitia kama mtu aliyepewa barua ya lugha asiyoijua. Alishika sindano, akaiweka. Akaishika tena.

"Sindano, hebu nimalizie hapa. Macho yangu leo yananisumbua."

"Sawa, Madam."

Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Sawa.

Mama alirudi wiki hiyohiyo kuchukua zipu. Akarudi kuchukua pindo, kisha mifuko, kisha namna ya kupachika mkono wa shati begani bila kukunja. Karakana ikamzoea. Wateja waliokuwa wanapimwa walisogea kumpisha, na mpiga pasi alimpigilia mlangoni msumari wa kutundikia mwavuli.

"Mimi nina bahati," mpiga pasi alimwambia Sindano. "Aliyenifundisha pasi yuko hai, na akiiona tu anakimbia."

Kila alichopoteza Madam kilihamia kwenye cherehani ya pembeni. Sindano alikuwa mtu wa kumtoa buibui dirishani kwa kikombe ili asiumie, lakini siku hizo alijikuta akifanya mambo ambayo hakujua kama anaweza kuyafanya. Magauni yasiyopindwa aliyaweka makusudi mbele ya Madam, pindo likimtazama usoni. Alimuuliza, mbele ya wateja, kwa sauti ndogo yenye heshima zote, kama angependa kuonyesha yeye mwenyewe jinsi zipu inavyokaa. Madam alicheka, akasema ana simu ya kupiga.

Njiani kwenda kona, mkoba ulikuwa sasa mzito kama kichwa cha cherehani, na uzito ule ulimfurahisha Sindano mpaka akaona aibu.

"Na kola je, mama? Mchukulie na kola."

"Kola ni ya mwisho. Nampa nafasi."

"Nafasi ya nini?"

"Ya kunitaja. Nilimpa mikono yangu, naye anipe jina langu. Basi."

"Hatakutaja, mama. Mimi namjua."

"Wewe una haraka ya kwenda wapi? Mimi niliyekufa sina haraka."

"Sawa, mama," alisema Sindano, na hakuwa na maana hiyo hata kidogo.

Baadaye chama cha mafundi kilimwomba Madam azungumze tena juu ya watu waliomwonyesha njia, safari hii ndani ya karakana yake, ili wageni waone kazi inapofanyika. Cherehani zilisukumwa ukutani, viti vikaazimwa. Wageni walifika alasiri, wanaume kwa wanawake, wengi wao shingoni wamevaa Kola ya Madam, imesimama wima kama inasikiliza. Wakati huo kola ndicho kitu pekee Madam alichobaki akijua kushona.

Kabla hajaanza alimvuta Sindano nyuma ya pazia la kupimia.

"Mama yako anakuja?"

"Yuko njiani."

"Atakaa wapi?"

"Mbele."

Madam alikuwa amejipaka poda vizuri, lakini vidole vyake vilikuwa vinachezea tepu ya kupimia kama mtoto anayechezea kamba ya kaptula. "Nitamtaja," alisema. "Mwambie nitamtaja."

"Sawa, Madam," alisema Sindano. Alipaswa kufurahi. Kilichomjia ni uchungu wa mtu aliyenoa kisu halafu akaambiwa leo hakuna cha kukata.

Madam alizungumza vizuri. Alimshukuru Mungu, mume wake, wakwe zake. Shangazi wa mkasi alisimama, akapigiwa makofi, akakaa. Marehemu alikuwa safu ya mbele, miguu pamoja, mkoba mapajani, amevaa viatu vyake vizuri, vile alivyozikwa navyo. Ndipo Madam akamgeukia. Akafungua mdomo. Akawatazama wageni, akatazama zile shingo zote zilizonyooka, akaitazama tuzo yake ya kioo.

"Na mwisho," alisema, "nawashukuru wanawake wote wasiojulikana. Wale wa vyumba vya nyuma, waliotutangulia kimyakimya, ambao majina yao hatutayajua kamwe."

Watu walipiga makofi kwa nguvu. Baadhi walipangusa macho.

"Langu analijua," marehemu alimwambia aliyekaa pembeni yake. "Alikuwa analiita kila uzi ulipokatika."

"Ni hotuba nzuri sana," alijibu huyo mtu.

Marehemu alisimama, akazunguka nyuma ya Madam, akaweka viganja vyake juu ya mikono yake. Makofi yaliendelea. Kola za safu ya mbele zililala kwanza, kisha za safu ya pili, zikashuka polepole kama masikio ya mbwa aliyechoka, mpaka za waliosimama mlangoni. Mwanamke mmoja alijipepea na kusema joto la leo halina adabu. Wenzake wakakubali kwamba ni joto, wakahamia kwenye meza ya soda.

"Mimi msinitazame," alisema mpiga pasi. "Zilitoka hapa zimenyooka."

Siku hiyo mama alibeba mkoba wake mwenyewe. Walipofika kona alisimama, akamrekebishia binti yake kola iliyolala.

"Mimi nimemaliza. Na wewe yaishe moyoni, mwanangu. Umesikia?"

"Sawa, mama."

Mama akakata kona, na hakuonekana tena karakanani.

Wateja waliofuata walitaka kola iliyolala. Walikuwa wameiona kwenye shughuli, walisema, imekaa kivivu vizuri, ndiyo mtindo wenyewe. Gazeti liliandika kwamba ni fundi mwenye roho ngumu tu anayeweza kulaza alichokisimamisha mwenyewe. Ikaitwa Kola ya Madam ya Pili. Ikaleta tuzo nyingine, ya mbao, ikawekwa pembeni ya ile ya kioo, na Sindano akawa anapangusa mbili. Kola hizo zote alizishona yeye. Hata kile kilebo kidogo chenye jina la Madam, kinachoshonwa ndani ya shingo, alikishona yeye.

Asubuhi moja, baada ya kufagia na kutia mafuta, aliisukuma cherehani yake kutoka pembeni mpaka ikaelekeana na meza ya Madam. Hakuomba ruhusa. Madam alipofika aliiona, akakaa kwenye kiti chake. Siku nzima mikono yake ilikuwa mapajani. Sindano alishona kola mbele yake, akaigeuza, akashona nyingine.

Jioni wateja walipokwisha, Madam alisema, "Sikumsahau."

Cherehani iliendelea.

"Jina lake lilikuwa hapa, kwenye ulimi. Nikaona nikilitoa, mimi nabaki nani? Watu watasema kumbe ni yule. Kumbe yote ni yule." Aliinua mikono yake, akaitazama upande huu na upande ule. "Leo asubuhi nimeshindwa hata kutunga uzi. Nilianza kabla jua halijachomoza."

Mpiga pasi aliisimamisha pasi wima, akaweka mikono nyuma kama mtu aliyeko msibani.

"Nifundishe wewe," alisema Madam. "Mama yako ameondoka, lakini mikono ni ileile. Simama nyuma yangu kama yeye. Nami nitakushukuru, mdogo wangu, kwa jina lako kamili, mbele ya watu wote. Naapa."

Sindano alikata uzi kwa meno. Lile neno lake la siku zote lilipanda, likafika kwenye meno, na kwa mara ya kwanza akalimeza. Aliinua macho. Sauti yake ilikuwa ndogo kama kawaida, ila haikutetemeka.

"Sitaki unishukuru, Madam," alisema. "Nataka ukae hapohapo kila siku, uniangalie nikishona, na bado usijue kushona."