Aliyekufa Alikuwa Nakala

Wazo la nakala lilianza kama mzaha, na mzaha wenyewe ulikuwa wa Mdomo.

Jina hilo alibandikwa na waandishi wenzake, si kwa sababu ya ukubwa wa midomo, bali kwa sababu ulimi wake haukuwa na breki. Siku hiyo walikuwa wamekaa kwenye chumba chao cha kuandikia, meza imejaa mabaka ya vikombe vya kahawa, na mbele yao ule ubao mweupe uliofutwa na kuandikwa tena hadi ukagoma. Chini ya mawazo ya msimu mpya ungeweza kuona vivuli vya mawazo ya misimu ya zamani, na vivuli ndivyo vilivyokuwa na akili zaidi.

"Watazamaji wanatuhama," alisema Mkuu wa waandishi, mwanamume mwembamba aliyezoea kuvaa miwani kichwani na kuitafuta mezani. "Kituo kinataka sura ya zamani. Tumrudishe nani?"

Swali halikuwa geni. Tamthilia yao, Mbali Kuliko Jua, ilikuwa inaingia msimu wa ishirini na mbili. Walishamfufua nahodha mara mbili, daktari mara moja, na mbwa wa daktari. Ulimwengu mzima ulikuwa ukiponea chupuchupu kila Jumatano jioni, hadi mtu unajiuliza kwa nini usiangamie tu mara moja watu wakalale.

"Fundi," mmoja akasema.

Wote wakamgeukia Mdomo, maana aliyeigiza kama Fundi wa injini alikuwa baba yake mzazi.

"Fundi alikufa mbele ya macho ya watu," Mdomo akasema. "Mlango umefungwa, hewa ya sumu imejaa, maiti tumeiona, mazishi tumefanya. Labda mseme aliyekufa alikuwa nakala, mwenyewe yuko mahali kwenye kasha la kioo anakoroma."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mkuu hakucheka. Aliteremsha miwani kutoka kichwani, akainuka, akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: NAKALA.

"Mkuu, nilikuwa natania."

"Najua," Mkuu akajibu. "Iandike."

Ili uelewe kwa nini Mdomo alitoka mle uso umemshuka, lazima ujue Fundi alivyokufa.

Wakati huo Mdomo alikuwa bado anavaa sare ya shule ya msingi. Chombo cha anga kilikuwa cha mbao nyembamba, kuta zake trei za mayai zilizopakwa rangi ya fedha, na vitufe vya injini vilikuwa vimeng'olewa kwenye redio mbovu. Ukikiegemea, kinayumba. Lakini waliokuwa ndani yake walikuwa watu. Walikuwa wanagombania sabuni, wanawakumbuka mama zao, wanaogopa. Kisha hewa ya sumu ikavuja, na Fundi akajifungia kwenye chumba cha injini ili wenzake wapone. Mke wake, muuguzi wa chombo, alikuwa upande wa pili wa kidirisha. Fundi akamwambia, "Nenda kapumzike. Hapa mimi namalizia." Basi. Hata muziki haukuwepo, kwa kuwa mpiga kinanda aliamka na homa siku ile na hakuna aliyejua kupiga.

Tangu hapo baba hakupita njiani akaachwa apite. Mara moja, Mdomo akiwa naye kwenye foleni ya duka la dawa, mwanamke mmoja alimshika baba mkono asiuachie. Mume wake alikuwa ametoka asubuhi kwenda kiwandani na hakurudi. "Na wangu angesema hivyohivyo," mwanamke akasema hatimaye, akauachia mkono, akanunua dawa yake. Baba hakuigiza tena kitu cha maana. Alitangaza dawa ya meno, akawa mwamuzi wa mashindano ya shule. Wenzake walijivunia mashamba na nyumba. Yeye alikuwa na kifo kimoja kizuri, na kilimtosha.

Jioni hiyo Mdomo alimkuta baba sebuleni anajipigia pasi suruali, kazi ambayo hakumwamini mtu mwingine kuifanya. Mama alikuwa kwenye kiti anakata vitunguu kwenye sinia huku analia bila huzuni yoyote.

"Baba, wanataka urudi."

"Nani? Wapi?"

"Kazini. Fundi anarudi."

Baba akaisimamisha pasi. "Kwani nilikufa vibaya?"

"Ulikufa vizuri sana," Mama akasema. "Mimi nilishaanza kupanga nitaolewa na nani."

Baba akacheka, lakini Mdomo aliona mgongo wake unanyooka kidogo kidogo, kama mtu aliyeitwa jina na sauti aliyoisahau. Mdomo alikuwa ametarajia akatae. Njia nzima alikuwa akiomba akatae.

"Unaweza kukataa, Baba. Hakuna atakayekulaumu."

"Nani kaandika?"

Mdomo akajikuna shingo. "Mimi."

"Basi nakataaje kazi ya mwanangu?" Akachukua pasi. "Isitoshe, mwigizaji asiyeigiza ni mzee tu mwenye sauti nzuri."

"Hata hiyo sauti," Mama akasema, "ukikoroma mtu hauoni uzuri wake."

Siku ya kupiga picha, baba alifika kabla ya mafundi wa taa. Alizunguka studio akitafuta chombo. Hakukuta mbao wala trei za mayai. Kulikuwa na kitambaa cha kijani tu, kutoka darini hadi sakafuni, na kasha la kioo katikati.

"Injini iko wapi?" akauliza.

"Itawekwa na kompyuta baadaye, mzee," mwongozaji akamjibu. Alikuwa kijana mwenye adabu, simu mbili mkononi. "Wewe shika hapo hewani kama vile kuna kitu."

Baba akashika hewa. Akaiachia. Akaifungua ile karatasi ya maneno yake, akaisoma tena, midomo ikitembea.

"Nina swali moja dogo. Yule aliyejifungia na sumu, yule nakala. Alijua kwamba yeye ni nakala?"

Mwongozaji akamtazama Mkuu. Mkuu akamtazama Mdomo. Katika wiki zote za kubishana ubaoni, hilo halikuwa limepita kichwani mwa mtu yeyote.

"Hakujua, Baba," Mdomo akasema.

"Alidhani ana mke."

"Ndiyo."

"Basi yule alikufa kweli."

"Alikufa kweli."

Baba akatikisa kichwa taratibu. "Nauliza tu kwa sababu mimi ndiye niliyemwigiza. Sasa huyu wa leo, mke wake anahangaika, wenzake wanamzika, yeye kalala. Huyu ni nani?"

"Wewe ndiye halisi, mzee," Mkuu akaingilia kwa uchangamfu. "Watu watafurahi."

"Aa," baba akasema. "Sawa."

Akaingia kwenye kasha. Mwanamama aliyekuwa mke wake kwenye tamthilia, mwenye mvi sasa, akatiwa matone machoni ili alie. Kasha likafunguka, baba akakaa, akamtazama, akasema maneno aliyoandikiwa: "Usilie. Yule hakuwa mimi." Aliyasema vizuri. Hilo ndilo lililomuuma Mdomo kuliko yote. Baba alikuwa ametia moyo wake wote kwenye sentensi ambayo haikustahili hata nusu yake.

Jumatano kipindi kilipoonyeshwa, watazamaji walirudi kwa wingi, Mkuu akaleta keki. Jumatano iliyofuata wakapungua. Ya tatu wakawa wachache kuliko mwanzo, na keki ilikuwa imebaki kipande kimoja kikavu kwenye friji ambacho hakuna aliyetaka kuonekana akikitupa.

Njiani bado walimsimamisha baba. Lakini hakuna aliyemshika mkono tena.

"Kumbe ulikuwa umelala," kinyozi akamwambia. "Sisi tunalia huku, wewe unauchapa usingizi."

"Nilikuwa nimechoka," baba akajibu, kibanda kizima cha kinyozi kikacheka. Baba alicheka pia, hadi yeye na Mdomo walipofika nje. Hapo akasimama kivulini mwa ukuta, akawa kama anatafuta kitu mifukoni.

"Mwanangu," akasema bila kumtazama, "nilikuwa nafikiri ni changu."

"Kipi, Baba?"

"Kile kifo."

Mdomo akasogea kivulini karibu naye.

"Niue tena," baba akasema. "Safari hii niue vizuri, nisirudi. Unaweza?"

"Naweza."

Aliandika kama mtu anayelipia kosa. Kati ya vituko vya msimu ule aliondoa majeshi ya sayari, akaondoa mapacha, akaondoa na yule mtoto aliyetoka wakati ujao kuja kumwonya babu yake. Akabakisha mzee kitandani kwenye chumba kidogo cha chombo, mapafu yamechoka, na mke anamsomea habari za nyumbani. Mzee anamkatiza kumwuliza kama amekula. Mke anasema amekula. Anaendelea kusoma. Akigeuza ukurasa, mzee hayupo tena. Hakuna mlipuko.

Baba alisoma amesimama jikoni. Alipomaliza akaurudia ukurasa wa mwisho, kisha akamrudishia Mdomo karatasi kwa mikono miwili. "Ehe," akasema. "Hii ndiyo."

Mkuu naye alisoma, na lazima tumpe haki yake, macho yalimlengalenga. Kisha akazoea.

"Nzuri. Ila tuache upenyo kidogo. Mwishoni kidole kitikisike."

"Hakitikisiki."

"Kidole kimoja tu, Mdomo. Cha mwisho kabisa. Huwezi kujua msimu ujao tutahitaji nini."

"Kikitikisika mimi naondoka, na jina langu mnalitoa."

Mkuu alimtazama kuona utani uko wapi. Hakuuona. "Haya," akasema, akiitafuta miwani iliyokuwa kichwani mwake. "Kisitikisike."

Walipiga picha kwenye chumba halisi chenye kitanda halisi; Mdomo alikuwa amepigania hilo pia. Baba alikufa kama alivyoandikiwa. Mwanamama mwenye mvi hakuhitaji matone. Fundi wa sauti aliendelea kurekodi kimya kwa muda baada ya mwongozaji kusahau kusema basi.

Jumatano ilipofika walikaa watatu sebuleni, baba katikati, suruali yake imepigwa pasi kana kwamba anatoka. Kwenye kitanda kile kidogo mzee aliuliza kama mke wake amekula. Mama alitoa leso akaikunja, hakuitumia, akaikunja tena. Ukurasa ukageuzwa. Majina yakaanza kupita.

"Umekufa vizuri," Mama akasema. Hakuongeza utani.

Baba alishusha pumzi ndefu. Mdomo aliona mabega yake yakilegea, na kwa mara ya kwanza tangu ule mzaha wake ubaoni akahisi amepumua na yeye.

Simu ikaita. Alikuwa Shangazi, dada yake baba, sauti yake kubwa kiasi kwamba hakuhitaji simu.

"Kaka, nimekuona. Umekufa kwa raha kweli, bila fujo. Sasa wanakurudisha lini?"

"Sirudi, dada."

"Aa, na wewe. Si hata ile mara ya kwanza ulituambia hivyohivyo? Hapa tunabishana mimi na wanangu. Mmoja anasema kitandani palikuwa na nakala, mwingine anasema daktari atakuletea mapafu. Mimi nimesema Jumatano ya tatu."

Shangazi alikuwa anacheka, na nyuma yake nyumba nzima ilikuwa inacheka, kicheko cha watu wanaompenda. Baba alisikiliza hadi mwisho. Kisha akatabasamu, lile tabasamu la kwenye kiti cha kinyozi.

"Labda," akasema. "Mimi sijui. Muulize mwanangu, yeye ndiye anayejua nani kafa."

Akampa Mdomo simu, akainuka akishikilia mkono wa kiti, akaenda kuzima runinga ambayo tayari ilikuwa inaonyesha tangazo la sabuni.

"Eh, mwanangu," Shangazi akasema sikioni mwake. "Niambie mimi tu, simwambii mtu. Anarudi lini?"

"Harudi, Shangazi."

"Kweli?"

"Kweli. Amekufa."

Shangazi akacheka kwa upole.

"Haya, ficha siri yenu," akasema. "Tutasubiri."