Mama Mkwe Upande wa Upepo

Daktari wa meno alikuwa mtu wa sauti ya chini. Kazi ilimzoesha hivyo: mtu aliyelazwa kitini na mdomo wazi hapigiwi kelele. Lakini kila Jumamosi aliposhindana na wenzake wa klabu kwa mashua yake ya tanga, sauti hiyo haikufika hata kwenye mlingoti, na mashua ilimaliza ya mwisho kwa uaminifu mkubwa.

Jumamosi hiyo upepo uliamka na ugomvi. Ziwa lilijaa mapovu, mabati ya jirani yakawa yanapiga makofi. Upepo wa namna hiyo hutaka mtu mzito wa kukaa ukingoni, upande unakotoka upepo, ili mashua isilale. Mzito wao, muuza nyama aliyeitwa Bonge, alipiga simu kusema mgongo umemkamata. Daktari akafurahi kimoyomoyo, akaanza kuvua viatu arudi kitandani. Mkewe, ambaye ndiye huwa anashika tanga dogo la mbele na ndiye aliyetaka kushinda, akageuka kumtazama mama yake.

Mama alikuwa mkuu wa gereza mstaafu, mwenye mwili wa kujaza mlango. Alikuja kuwatembelea kwa siku chache, na siku zenyewe zilikuwa bado zinaendelea. Alipoulizwa kama angeweza kukaa ukingoni mwa mashua, akasema kukaa anajua.

Jaketi la kuokolea maisha lilikataa kufungika mbele, wakalikaza kwa kamba. Wakaingia majini.

Tatizo lilijitokeza mapema. Nahodha kazi yake ni kuamrisha, na mkwe hamwamrishi mama mkwe. Bonge angeambiwa tu "hamia", naye angehamia, basi. Kwa mama, daktari alianza kwa kuomba radhi kwa usumbufu, akauliza kama hatajali, na kabla hajafika kwenye ombi lenyewe mashua ilikuwa imeshalala ubavu, maji yanaingia, mkewe ananing'inia kwenye kamba akimwita Mungu kwa majina yake yote.

Kisha wakaanza kwenda kinyume na upepo, mshazari huku, mshazari kule, jambo ambalo mabaharia huliita kubisha. Mke akatangaza kwamba sasa wanabisha. Mama akauliza nani anambishia nani, ili aamue. Alipoelezwa, akasema gerezani kwake hakuna aliyewahi kubisha, akabaki palepale alipokaa badala ya kuhamia upande wa pili kila mashua ilipogeuka. Mashua zote zikawapita, hata ile ya wazee wawili waliokuja hasa kwa ajili ya chupa yao.

Wakafika kwenye boya la mwisho. Hapo mashua hugeuka upepo ukiwa nyuma, na boriti inayoshika tanga kubwa kwa chini hukata kutoka upande mmoja hadi mwingine kama panga. Daktari alikuwa ameshasukuma usukani alipoona mama mkwe amesimama wima, anafunga upya khanga yake.

"Mama, samahani, kwa heshima zote naomba..."

Upepo haukusubiri aombe.

"Inama, mbuzi wewe!"

Hata yeye hakujua sauti ile ilikuwa imekaa wapi miaka yote. Waamuzi kwenye boti lao waliisikia. Mama alianguka chini kama gunia, na boriti ikapita pale kilipokuwa kichwa chake. Daktari aliiona ndoa yake ikizama, akajiuliza kama angeruhusiwa kubaki na mashua.

Kutoka sakafuni ikaja sauti ya mama, tulivu kabisa: "Sasa niende wapi?"

"Kulia. Juu ukingoni. Na usisimame tena."

Akaenda. Mashua ikanyanyuka na kukimbia kama inafukuzwa. Daktari akamfokea mama mkwe, akamfokea mkewe, akaifokea kamba iliyonasa, nayo ikanasuka. Wakawapita wazee wa chupa, wakawapita na wengine, wakamaliza wa tatu.

Ufukweni walimkuta mwenyekiti wa klabu, mwenye kofia nyeupe na maneno mengi, akisubiri. Alisema klabu ina hadhi yake, na mama mtu mzima ametukanwa mbele ya wageni. Nafasi hiyo ya tatu itabidi ijadiliwe. Akamgeukia mama kwa upole, akamwomba aeleze alichoitwa.

"Nimeitwa mbuzi," mama akasema, maji yakimchuruzika. "Na kichwa changu ni kizima, ndicho kinachokutazama."

Kisha akamweleza mwenyekiti anachofanana nacho yeye, kiungo kwa kiungo, kwa lugha aliyoiokota kwa wafungwa kwa muda mrefu. Nafasi ya tatu ikafutwa hapohapo. Mke alicheka mpaka akakaa kwenye matope.

Jioni daktari hakujua aweke wapi macho yake. Alijifanya anatafuta kitu kabatini. Mama akamfuata, akasimama mlangoni, akasema kuna jino la nyuma linamsumbua tangu kabla ya harusi yao. Hakuwahi kulitaja. Angemfunulia vipi mkwe wake mdomo?

Daktari akafunga kabati. Akamvutia kiti chini ya taa, akanawa mikono.

"Fungua," akasema. "Zaidi. Na usiongee."

Mama akafungua.