Mawe Yasiyokuwamo Kwenye Ripoti ya Mgodi

Karani alisoma ukurasa wa mia mbili na kumi na nne wa ripoti ya mgodi haraka haraka, kama mtu anayewahi basi: "Makaburi katika eneo la upanuzi wa mgodi: hakuna. Aliyetoa taarifa: Salgi, mjane, mkazi wa kijiji."

Watu wote waliokuja mkutanoni, chini ya turubai, wakageuka kumtazama Salgi. Jirani yake Chambi akamgusa kiwiko. "Mama Jauni, uliwaambia nini hawa? Mawe ya ukoo yote yale, huyaoni?"

Salgi alikumbuka vizuri. Mwaka jana alikuja binti mmoja mpole wa tathmini ya mazingira, akakaa barazani, akanywa maji, akauliza wafu wenu wako wapi. Salgi akamjibu kama mtu yeyote wa kabila lao la Wamunda angemjibu: wako ndani. Binti akaandika, akashukuru, akaenda zake. Kweli mifupa huwekwa chini ya jiwe, lakini marehemu mwenyewe, yaani roho yake, huitwa arudi nyumbani, akae chumba cha ndani, apakuliwe chakula kabla ya wote. Nani amwache mtu wake nje?

Na mawe yenyewe aliyajua. Mwaka alioolewa, baba mkwe alifariki, na wanaume wakavuta jiwe jipya kutoka kilimani siku mbili nzima, likiteleza juu ya magogo. Mumewe alikuwa mbele, kamba begani, akiimba vibaya kuliko wote, na kila akimkaribia mkewe alipaza sauti makusudi ili amchekeshe. Salgi akauma pindo la sari asicheke msibani. Akashindwa, na mama mkwe akamfinya. Siku zile zilikuwa tamu, hata misiba yake. Kilima kile sasa ni shimo, na mgodi unataka kusogea hadi kwenye mawe.

"Mama, kama wako ndani ya nyumba basi hakuna shida," alisema ofisa wa mgodi kwa upole. "Utapewa nyumba ya saruji, utahama nao."

Wachache wakacheka, na baadhi yao walikuwa wa kijijini kwake. Salgi akainuka, akaenda kwenye kipaza sauti.

"Na mifupa yao nihame nayo kwenye kikapu?" aliuliza. "Wewe ya babu yako unaibeba wapi?"

Mwenyekiti wa mkutano akainua mkono. "Basi sikiliza, mama. Kesho jalada linakwenda kwa watoa kibali, leo ndiyo siku ya mwisho kulisahihisha. Yasipoandikwa, mawe hayo yatachimbwa. Taja waliolala pale, jina kwa jina."

Salgi akawataja wazee wa ukoo mmoja mmoja, karani akiandika. Halafu akasema limebaki jiwe moja, akarudi nyuma.

"Na yule wa jiwe la mwisho?" aliuliza mwenyekiti.

"Baba Jauni."

"Hilo si jina, mama."

Kwao mke hatamki jina la mumewe. Miaka arobaini na moja Salgi alimwita kwa jina la binti yao, na kabla binti hajazaliwa alimwita kwa kupiga makofi ukingoni mwa shamba, naye alikuja kila mara, akijifanya amekasirika.

"Nikutajie mimi?" Chambi akanong'ona nyuma yake.

"Kaa hapo. Kwani alikuwa mume wako?"

Akashika kipaza sauti kwa mikono miwili. "Etwa," alisema.

Spika zikalirusha jina lile mpaka mashambani. Uso ulimwaka kwa aibu kama bibi harusi, na machozi yakamtoka palepale mbele ya maofisa. Lilikuwa jina zuri mdomoni. Alijuta kumnyima maisha yake yote.

"Nimeandika," alisema karani, safari hii taratibu. "Kuna mwingine?"

"Mstari wa chini yake uuache wazi," alisema Salgi. "Ni wangu."